Beseni Moja la Maji Halioshi Kachumbari

Nyanya nne, tango moja, pilipili hoho, karoti mbili na fungu la kotimiri lenye mizizi yake. Vyote vinatumbukizwa kwenye beseni moja lenye maji kama lita tatu, vinageuzwageuzwa kwa mkono, vinatolewa, vinakatwa. Sasa angalia kilichobaki kwenye beseni: maji yamekuwa rangi ya chai iliyopauka, juu yanaelea majani mawili matatu, chini umetuama mchanga. Nyanya iliyotoka mwisho imeoga kwenye maji yale yale yaliyoosha mizizi ya kotimiri. Kama ilikuja na vumbi la barabarani tu, inaondoka na udongo wa bustani, na udongo wa bustani ndio wenye samadi.

Hilo ndilo kosa kubwa la jikoni kwetu, kubwa kuliko kukosa siki, kukosa dawa au kukosa friji. Tunda au mboga husafishwa na vitu viwili: maji yanayopita na kwenda zake, na mkono unaosugua. Maji yakikaa, uchafu unahama tu kutoka kwenye hiki kwenda kwenye kile.

Ukiosha vizuri kwa maji safi yanayotiririka unaondoa sehemu kubwa ya vijidudu vilivyo juu ya ganda, mara nyingi tisa katika kila kumi na pengine zaidi. Huviondoi vyote. Kwa hiyo kabla ya kushika chochote jua kitaishia wapi: sufuriani, kwenye kisu cha kumenyea, au mdomoni kikiwa kibichi na ganda lake. Mchicha wa kupika tunauosha kuondoa mchanga, dawa za shambani na wadudu. Vijidudu vitakutana na moto. Kachumbari haina moto. Kilichoachwa na maji kinafika mezani.

Maji kwanza

Embe likioshwa kwa maji machafu limepakwa tu. Na maji ya bomba ya mtaa wenye mgao si sawa siku zote. Yakikatika, msukumo ndani ya bomba unashuka, na penye ufa bomba huvuta maji ya nje, yakiwamo ya mtaro. Yakirudi, yaache yatiririke mpaka yatoke maangavu. Yale ya mwanzo yawekee kudekia. Maji ya boza, ya kisima kifupi na ya tangi ambalo halijasuguliwa miezi mingi, yahesabu kuwa hayajatibiwa hata kama yanang'aa kwenye glasi.

Kuyatibu si kazi kubwa. Yakishaanza kutokota kwa nguvu, yape dakika moja. Wanaokaa nyanda za juu kama Limuru au Eldoret wayape dakika tatu, kwa kuwa juu ya mita 2,000 maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 100. Yapoe yakiwa yamefunikwa, na yachotwe kwa jagi lenye mkono, si kwa kikombe kinachozama na vidole. Ukitumia vidonge vya klorini, kile cha miligramu 67 kinatosha lita 20 za maji yasiyo na tope, na unasubiri dakika 30. Wengi hukosea hapa: hudhani maji yaliyotiwa kidonge yataua na vijidudu vya kwenye saladi. Kidonge kimoja katika lita 20 huacha klorini kama miligramu 2 kwa kila lita. Hiyo inafanya maji yanyweke. Saladi inataka zaidi ya mara thelathini ya hapo, na hesabu yake iko chini.

Pasipo na bomba, tengeneza mtiririko mwenyewe. Dumu lenye koki linafaa, kibuyu chirizi kinafaa, na mtu mmoja akimimina kwa jagi huku mwingine anasugua inafaa pia. Kwa nyanya nne, lita mbili zilizomiminwa kidogo kidogo zinasafisha vizuri kuliko beseni zima lililotulia.

Beseni la mboga liwe la mboga. Lile la kufulia, hasa linalopitia nepi, lisije jikoni hata kama limesuguliwa. Vivyo hivyo usiweke mboga moja kwa moja ndani ya sinki iliyooshewa kuku. Weka chujio au bakuli. Mikono inanawa kabla, kwa sabuni, sekunde 20.

Sabuni hiyo iishie mikononi. Sabuni ya unga au ya vyombo haifai kuoshea matunda, maana ganda la tunda na jani la mboga vina vitundu vidogo vinavyoinywa, na hata usuuze mara ngapi nyingine inabaki. Matokeo yake ni tumbo kusokota na kuharisha, halafu lawama anabebeshwa muuza matunda.

Nyanya, na kwa nini isitoke juani kuingia kwenye maji ya baridi

Nyanya nyingi zinazofika magengeni, ziwe za Ilula kule Iringa au za kwingine, huja na ukungu mweupe au wa manjano hafifu uliokauka juu ya ganda, mzito zaidi karibu na kikonyo. Watu husema ni vumbi. Mara nyingi ni mabaki ya dawa ya ukungu, na inayopigwa sana kwenye nyanya ni mankozebu. Habari njema ni kwamba dawa hii hukaa juu ya ganda, haizami ndani ya tunda, kwa hiyo maji na kidole gumba vinaitoa sehemu kubwa. Habari mbaya ni kwa wale wanaosema "aah, hizi za mchuzi, moto utaunguza." Moto hauunguzi mankozebu ikaisha. Joto hugeuza sehemu yake kuwa kemikali nyingine, ethilinithiourea, inayosumbua tezi ya shingo. Kwa hiyo nyanya ya mchuzi ioshwe kama ya kachumbari, na ioshwe kabla haijaguswa na kisu.

Namna yake ni hii. Toa kikonyo. Shika nyanya chini ya maji yanayopita, isugue kwa vidole pande zote, kama sekunde 15 hadi 20 kila moja, na malizia kwenye kile kishimo cha kikonyo, maana ndiko dawa na udongo hujificha. Kisha ifute nyanya kwa kitambaa safi kilichokauka. Hatua hii ya kufuta wengi huiruka, ilhali inaondoa vijidudu vingine vilivyolegezwa na maji lakini bado vimening'inia. Kitambaa kile chenye unyevu kinachoning'inia mlangoni kwa wiki nzima hakihesabiki. Kama huna kingine, acha nyanya zijikaukie kwenye chujio.

Kuna jambo la joto. Nyanya iliyokaa juani gengeni ina joto ndani. Ukiitumbukiza kwenye maji ya baridi, hewa iliyo ndani yake inasinyaa na kuvuta maji kuingia kupitia kovu la kikonyo, na maji yakiingia yanaingia na kilichomo. Ukishaosha ganda, cha ndani hukifikii tena. Embe nalo ni hivyo hivyo. Mwaka 1999 Marekani ilipata mlipuko wa salmonela uliotokana na maembe ya Brazil. Maembe hayo yalikuwa yametumbukizwa kwenye maji ya moto kuua nzi wa matunda, kisha yakapozwa kwenye maji ya baridi yasiyokuwa salama, na tunda likanywa maji yale. Jikoni, dawa yake ni subira: matunda yaliyotoka juani yaache kivulini yapoe kwanza, au yaoshe kwa maji yasiyo ya baridi kuyapita. Maji ya friji ya kuoshea matunda "yapate ubaridi" ni wazo baya. Na usiyaloweke, yamiminie.

Tango na hoho zinafuata njia ya nyanya. Hoho ina shimo kubwa kwenye kikonyo linalokusanya mchanga na wakati mwingine kiwavi, kwa hiyo baada ya kuosha nje kata kile kichwa chote, usikisukumize ndani kwa kidole kama tulivyozoea. Karoti isuguliwe kwa brashi laini iliyotengwa kwa kazi hiyo, ioshwe, ndipo imenywe, isuuzwe tena. Ukimenya karoti yenye udongo, kisu kinasambaza udongo ule kwenye nyama yake.

Mpangilio nao una maana: vya juu ya mti kwanza, vya udongoni mwisho, kotimiri peke yake.

Kitunguu na chumvi yake

Kachumbari yetu ina hatua moja isiyoonekana kwenye maelekezo ya watu wengine. Kitunguu kikishakatwa vipande vyembamba kinavuruguliwa kwa chumvi, kinakamuliwa, kinasuuzwa mara mbili tatu ili ukali utoke. Ndipo tunapoharibu. Nyanya imeoshwa kwa uangalifu wote, kisha kitunguu, ambacho hakina ganda tena na kimechanwa kila upande, kinasuuzwa kwa maji ya ndoo. Maji hayo yanabaki ndani ya kitunguu mpaka mezani.

Maji ya kusuuzia kitunguu kilichokatwa yawe ya kunywa, bila mjadala. Vitunguu viwili vikubwa vinahitaji kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kama lita moja ya maji iliyogawanywa mara tatu. Ukiwa na uhaba wa maji yaliyochemshwa, haya ndiyo uyatumie hapa, kabla ya mahali pengine popote. Na chumvi ile ni ya kutoa ukali tu. Dakika mbili za chumvi haziui kitu.

Ndimu je? Kijidudu cha kipindupindu kweli hakipendi uchachu, na ndimu nyingi husaidia kiasi. Lakini ndimu nusu iliyokamuliwa juu ya bakuli la watu sita ni kiungo.

Majani

Mchicha wa fungu huja na mizizi. Kata mizizi ukiwa mkavu bado, juu ya gazeti, kung'uta, chambua, tupa majani yaliyotoboka sana na yale ya manjano. Udongo mwingi unaondoka hivyo bila tone la maji. Kisha beseni kubwa, maji mengi, majani yaelee kwa nafasi. Yavuruge kwa vidole vilivyotanuliwa, acha dakika mbili mchanga ushuke.

Sasa inua mboga utoe majini. Usimwage maji kupitia chujio huku mboga ikiwa ndani, kwa sababu mchanga wote uliokuwa umelala chini unamiminikia juu ya majani uliyokwisha kuyaosha. Hiki ndicho chanzo cha mchicha unaolia *kwaru* menoni ingawa mpishi anaapa ameuosha mara nne. Inua, mwaga, suuza beseni, jaza tena. Kipimo si idadi ya mara, kipimo ni kupitisha vidole chini ya beseni: ukihisi chembe, bado. Kiangazi mara tatu hutosha. Masika, mvua inaporusha udongo mpaka mgongoni mwa jani, tarajia nne au tano.

Katakata baada ya kuosha, si kabla. Jani lililokatwa linapoteza vitamini C majini na linapokea maji ya nje kupitia kingo zake. Sukuma wiki ambayo mama mboga amekukatia tayari, au majani ya maboga yaliyokwisha katwa sokoni, yana kasoro hiyo tangu huko. Hayafai kuliwa mabichi. Yasuuze haraka kwenye chujio chini ya maji yanayopita na yaende motoni.

Kabichi ina heri yake. Toa majani mawili au matatu ya nje, kata vipande vinne, mimina maji kati ya majani. Ikiwa na vidukari au viwavi, loweka kwenye maji yenye kijiko kimoja cha chakula cha chumvi kwa kila lita, dakika 10, wadudu wataachia. Suuza. Hapo ndipo chumvi inapofanya kazi inayosifiwa.

Letusi ndiyo ngumu. Inaliwa mbichi, inakaa chini, na mikunjo yake inashika kila kitu. Litoe kila jani kwenye shina lake, shika moja moja chini ya maji, sugua pande zote mbili kwa kidole hasa pale jani linapoanzia, palipo peupe. Kotimiri fungua kamba, kata mizizi, shika mashina kama unavyoshika ufagio, tumbukiza vichwa na kuvitingisha kwenye maji mapya mpaka maji yabaki meupe. Kumbuka pia kwamba wauzaji hunyunyizia majani maji siku nzima yasinyauke. Maji ya kopo lile huyajui.

Jiki: lini na kiasi gani

Maji ya bomba yakiwa yametibiwa na hakuna mlipuko wowote, nyanya na matunda hayahitaji jiki. Kusugua kunatosha. Naiweka kwa hali mbili: letusi, kotimiri au majani mengine ya kuliwa mabichi yaliyomwagiliwa kwa maji ya mashaka, na wakati kipindupindu kimetangazwa eneo lenu. Kile cha mwaka 2015 kilianzia Dar es Salaam mwezi Agosti na kikasambaa karibu mikoa yote. Siku za namna hiyo ushauri mzuri zaidi ni kuachana na kachumbari kabisa, ukala kilichopikwa kikiwa cha moto na tunda ulilolimenya mwenyewe. Kama ni lazima, fanya kwa vipimo.

Soma chupa. Iwe jiki ya kawaida, isiyo na manukato, rangi wala sabuni ndani yake. Tafuta asilimia ya sodiamu hipokloriti. Ikiwa ni 3.5, vijiko viwili vya chai vilivyopimwa kwa kijiko cha dawa, yaani mililita 10, kwenye lita 5 za maji vinakupa miligramu kama 70 za klorini kwa lita. Ikiwa ni asilimia 5, kijiko kimoja na nusu kinatosha. Beseni liwe la plastiki, maji yawe ya kawaida, si ya moto. Tumbukiza majani ambayo *yamekwisha oshwa*, yazame yote, dakika 5 hadi 10, kisha suuza kwa maji ya kunywa. Mwaga dawa ile, usiitumie kwa fungu la pili.

Nimesisitiza yamekwisha oshwa kwa sababu klorini haichagui. Ikikuta udongo na utomvu inaishia kupambana navyo, na dakika tatu baadaye una maji yanayonukia jiki lakini hayana nguvu. Chupa nayo huchoka: joto na mwanga hupunguza makali yake, na ile iliyofunguliwa mwaka jana ikakaa dirishani si ya asilimia iliyoandikwa. Nunua ndogo, andika tarehe kwenye kibandiko, iweke gizani. Kuongeza kipimo "ili iue vizuri" kunakuletea letusi yenye ladha ya bwawa la kuogelea na koo linalowasha.

Usichanganye jiki na siki wala ndimu. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na jiko dogo lililofungwa si mahali pa kuivuta.

Halafu kuna ambacho jiki haikiwezi. Mayai ya minyoo yana ganda gumu na yananata, na klorini ya kipimo hiki hayaisikii. Kati yake yamo mayai ya tegu wa nguruwe, anayejulikana sana Mbulu na Nyanda za Juu Kusini. Yanafika kwenye mboga kutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu, na aliyeyameza anaweza kupata vifuko vya minyoo kwenye ubongo na kifafa. Hayafi kwenye beseni, yanaondoka kwa kusuguliwa na kubebwa na maji. Ndiyo sababu aliyelowesha saladi yake kwenye dawa bila kuisugua amefanya nusu ya kazi, na ile nusu rahisi.

Siki ya mezani, sehemu moja kwa sehemu tatu za maji, hupunguza baadhi ya bakteria, ila ni ghali kwa kazi hiyo na inaacha harufu. Bekingi soda ina ushahidi upande wa dawa za shambani: watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 2017 waliloweka matufaha kwenye maji yenye gramu 10 kwa lita, yaani kama vijiko viwili vya chai, na ilichukua dakika 12 hadi 15 kutoa mabaki ya dawa mbili walizozipima juu ya ganda. Sehemu ya dawa hizo, kubwa zaidi kwa mojawapo, ilikuwa imekwisha kupenya kwenye ganda lenyewe, na hiyo haikutoka. Kwa tunda unaloweza kulimenya, menya tu. Ule ukungu mweupe wa zabibu za Dodoma, kwa upande mwingine, mara nyingi ni nta ya asili ya tunda, usihangaike nao. Suuza kishada chini ya maji ukikigeuza, basi.

Palipo nje ya uwezo wa maji

Dawa zinazonyonywa na mmea zimo ndani ya jani na tunda. Kinachozipunguza ni siku ambazo mkulima alisubiri kati ya kupiga dawa na kuvuna, na kama bustani iko jirani, muulize. Madini mazito ni hivyo hivyo: mboga za bonde la Msimbazi zimepimwa mara kadhaa na kukutwa na risasi na kadimiamu iliyopanda kupitia mizizi. Vumbi la risasi lililotua juu ya jani utaliosha; lililo ndani ya mshipa wa jani utalila. Choroko na uwatu vilivyooteshwa navyo, ukivipenda, vipike. Mwaka 2011 nchini Ujerumani watu zaidi ya 50 walikufa kwa bakteria waliotoka kwenye machipukizi ya uwatu, na unyevunyevu na joto la kuoteshea huzalisha bakteria kwa wingi ambao hakuna suuza itakayoufikia.

Ganda usilolila

"Tikiti linamenywa, la nini kuliosha?" Kisu kinapita kwenye ganda lililolala shambani, kwenye lori na sakafuni mwa soko, kisha kinashuka moja kwa moja mpaka katikati ya nyama. Sugua tikiti, papai na parachichi kwa brashi, suuza, futa, ndipo ukate. Nanasi kata taji kwanza, kisha brashi iingie kwenye yale macho. Chungwa la kunyonya lioshwe pia, kwa sababu midomo inagusa nje. Kibao kilichokatiwa nyama hakipokei matunda mpaka kimeoshwa kwa sabuni na kukauka. Kuwa na viwili ni raha zaidi. Palipobonyea au kuoza kata na nyongeza ya kidole kimoja pembeni.

Stroberi usizitoe kofia kabla ya kuosha, zitajaa maji. Na kwa jumla osha unapokaribia kula, si unaporudi sokoni: unyevu uliobaki kati ya majani huozesha fungu zima kwenye friji kwa siku mbili. Ukilazimika kuosha mapema, kausha kabisa, funga kwenye kitambaa kikavu ndani ya chombo.

Tunda lililokatwa lina masaa mawili nje ya friji. Dar es Salaam ya Februari, jikoni kukiwa juu ya nyuzi 32, lipe saa moja. Barafu ya kupozea iwe ya maji ya kunywa. Kachumbari iliyobaki mezani baada ya pilau la mchana, ikiwa imechuja maji na imekaa wazi mpaka alasiri, isirudishwe friji kusubiri chakula cha usiku. Kata nyingine, nyanya mbili na kitunguu nusu ni kazi ya dakika kumi, pamoja na kuosha.